Chombo Kwanza, Maneno Baadaye

St. Augustine, Florida

Wifi yangu mpenzi,

Natumai hapo Tanga nyote hamjambo, na mama magoti yamemwachia kidogo. Kaka yako viganja vimemchubuka kwa kamba, na ndevu amekataa kunyoa, ati nahodha hanyoi mpaka safari iishe. Lakini anakula vizuri na usiku anakoroma, kwa hiyo usimhofie.

Umeuliza tumefika wapi, kisha chini kabisa, kwa uchokozi wako, ukaongeza kama bado tunasemezana. Tunasemezana. Watu wawili ndani ya chombo cha futi 32 hawana pa kununiana: yeye akikaa omo na mimi nikikaa tezi, bado namsikia akitafuna. Ila huku tumefika kwa kukwama, kuzimikiwa na kupelekwa na maji tusikotaka, na nataka nikusimulie mimi kabla yeye hajakupigia simu akakuhadithia ya kwake, ambayo ndani yake hakukwama hata siku moja.

Najua nyumbani mmeshatangaza kwamba tumevuka bahari kuu. Hatukuvuka. Tuliondoka Norfolk, Virginia, ambako njia hii ya maji ya ndani inaanza kuhesabiwa maili, tukashuka North Carolina, South Carolina na Georgia mpaka hapa, karibu maili 780. Ni mito, hori na ghuba za asili zilizounganishwa kwa mifereji ya kuchimbwa, nyuma ya visiwa vyembamba vya mchanga vinavyoikinga na Bahari ya Atlantiki. Anayetaka huendelea mpaka Miami, zaidi ya maili 1,000, na wimbi la bahari kuu akaliona pale tu anapokatiza milango ya bahari.

Utauliza kwa nini tusipite nje kama watu wazima. Anayepita nje lazima aizunguke Rasi ya Hatteras. Pale mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopanda kutoka kusini hukutana na maji baridi ya kaskazini, juu ya mafungu ya mchanga yasiyotulia mahali pamoja, na mamia ya merikebu zimelala chini. Ndiyo maana msimu wa vimbunga ukielekea kwisha mwezi wa Novemba, wenye vyombo vidogo hushuka kwa ndani wakiikimbia baridi. Mababu zetu walingoja kaskazi na kusi. Hawa wanangoja Novemba ya kushukia na Mei ya kupandia.

Chombo umekiona pichani: faibaglasi, mlingoti mmoja, injini ya dizeli iliyozeeka, na mkuku unaozama futi 5. Hizo futi 5 zishike, maana ndizo zilizotupangia nusu ya safari. Kwa karatasi, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani huchimbua njia ili iwe na kina cha futi 12. Mchanga hausomi karatasi. Kila dhoruba huuchota hapa ikaumwaga pale, na alama za majini huhamishwa baadaye. Alama zenyewe si ngumu: ukielekea kusini, nyekundu unaiweka kulia na kijani kushoto, na juu yake kuna kibandiko cha njano, pembetatu kwa ya kulia na mraba kwa ya kushoto, ili usizichanganye na alama za mito mingine inayokatiza.

Kabla hatujang'oa nanga nilimwekea kaka yako sharti. Unamjua: kitu kikiharibika, kwanza atatafuta nani alikigusa mwisho. Nikamwambia humu ndani hilo litasubiri. Chombo kwanza, maneno baadaye. Likitokea la kutokea, kila mtu ashike kazi yake, mwenye usukani asifokewe, na lawama zitolewe chombo kikishatulia. Akacheka, akasema ndivyo walivyo watu wa kwetu Unguja, wanapenda maneno lakini kwa miadi.

Sharti lilipata kazi mapema. Kutoka Norfolk kuna njia mbili za kushuka, nasi tukachagua ya Great Dismal Swamp, kinamasi kikubwa chenye mfereji wa maili 22. Unaingia kwa loki, yaani chumba cha zege chenye milango mbele na nyuma. Chombo kikishaingia, milango inafungwa, maji yanafunguliwa, nawe unapanda taratibu futi 8. Mwisho wa mfereji kuna loki nyingine ya kukuteremsha. Kamba ndani ya loki haifungwi fundo. Unaishika mkononi na kuilegeza kadiri maji yanavyokwenda, kwani aliyefunga fundo maji yakiteremka ataning'inia ukutani yeye na chombo chake.

Maji ya mle yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ni magome na majani ya miti yanayoyatia rangi hiyo, na kwa kuwa hukawia kuoza, mabaharia wa zamani waliyajaza mapipani kwa safari ndefu. Siku tuliyopita sisi yalikuwa yamefunikwa na majani madogo ya kijani yanayoelea, tele, toka ukingo hadi ukingo. Sasa injini ya chombo hupozwa kwa maji inayoyavuta nje kupitia tundu la chini. Tundu likajaa majani. Mshale wa joto ukapanda, king'ora kikalia, kaka yako akaizima injini kabla haijaungua. Upepo hakuna, miti imetuzunguka, na chombo cha tani kadhaa kinateleza chenyewe kuelekea kwenye gogo. Nikachukua pondo nikalikinga gogo, nikatupa kamba kwenye mti wa ukingoni, tukasimama. Yeye akashuka chini, akachomoa mpira wa maji, akauunganisha na pampu ya miguu ya kujazia kihori chetu, akaanza kukanyaga. Kilitoka kitu nje kwa mlio nisioweza kukuandikia, na maji yakapita. Jioni, tulipofunga gatini, nikamkumbusha kwamba sasa maneno yameruhusiwa. Akafikiri, akasema majani hayana mwenyewe, atamlaumu nani.

Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1793 ukafunguliwa 1805, na waliochimba ni watumwa. Moses Grandy, aliyekuwa mtumwa na nahodha wa mashua za mizigo kwenye maji hayo hayo, alieleza jinsi wachimbaji walivyofanya kazi ndani ya tope mpaka kiunoni na kupita. Yeye alilipia uhuru wake mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza mabwana walichukua fedha kisha wakamgeuka. Maisha yake yalichapishwa London mwaka 1843. Na ndani zaidi ya kinamasi, kwenye vinyanyuko vikavu ambako wawindaji wa watumwa hawakufika kwa urahisi, watoro waliishi kwa vizazi. Wanaakiolojia wamefukua mabaki ya makazi yao. Sisi watu wa pwani habari za watoro tunazijua, Fuladoyo ya nyuma ya Mombasa ilikuwa yao. Ukishapita mahali hapo ukijua hayo, hamu ya kuilalamikia injini iliyopata joto inakuisha.

Baada ya kinamasi unafika Elizabeth City, mji mdogo wenye gati ya bure kwa wasafiri na desturi, iliyoanza mwaka 1983, ya kuwapa wageni ua la waridi. Mimi na waridi langu, nywele zinanuka dizeli. Kaka yako akasema nimependeza, nikajua anataka nipike.

Mbele ya mji huo kuna Ghuba ya Albemarle, na hapo ndipo alipofungua jedwali la maji kujaa na kupwa, kama mtu wa bahari anavyotakiwa. Hakukuta kitu cha maana. Bahari iko mbali, imezibwa na visiwa, na maji ya ghuba hiyo hayaufuati mwezi, yanafuata upepo. Ukivuma sana kutoka upande mmoja, maji husukumwa yakafunika gati za ng'ambo, na huku nyuma tope likabaki wazi. Ghuba ni pana ila kina chake ni futi 20 hivi, kwa hiyo mawimbi hayapati nafasi ya kujinyoosha. Yanakuja mafupi, wima, moja halijaondoka jingine limefika.

Kutikiswa huko kuliutibua uchafu uliotuama chini ya tangi la dizeli kwa miaka. Uchafu ukaziba chujio, injini ikakohoa, ikazima, katikati ya ghuba.

Wifi, hapo nilimwona kaka yako akitabasamu. Lazima ujue kwamba kwenye njia hii chombo cha tanga hutembea kwa injini karibu muda wote: mfereji mwembamba, upepo wa omo, na nafasi ya kubisha hakuna. Mlingoti tulikuwa tunautembeza tu. Sasa upepo umekaa vizuri, unatoka nyuma ubavuni, na injini imekufa bila ya yeye kulaumika. Akarukia henza. Tukatweka tanga kubwa tukiwa tumelipunguza kwa mikunjo, la mbele likajaa, chombo kikainama kidogo kikashika njia. Makelele ya injini yalipoondoka nilisikia maji yakipita ubavuni, na yeye anaimba.

Lakini chujio sharti libadilishwe, na kazi hiyo inafanyiwa chini, kichwa kimeingizwa penye injini, dizeli inanuka na chombo kinaruka. Nikashika usukani mimi. Alipopanda tena alikuwa amebadilika rangi. Akaegemea ukingo, akairudishia Ghuba ya Albemarle chapati zote za asubuhi. Mtoto wa Sahare ya Tanga, mjukuu wa manahodha, amechafukwa na moyo kwenye maji ya futi 20! Nilikuwa na maneno mazuri sana tayari mdomoni. Ila chombo kilikuwa hakijatulia, nikayameza. Nakupa wewe uyatumie.

Maji ya North Carolina yamejaa mitego ya kaa. Kila mtego uko chini, na juu unaelea mpira mdogo uliofungwa kwa kamba. Jua likiwa mbele yako huuoni. Kwenye mto Pungo mmoja wao uliingia chini yetu, kamba ikajizungusha kwenye rafadha, injini ikakabwa ghafla. Tulitia nanga papo hapo. Maji baridi, meusi, na siku hiyo hiyo tulikuwa tumetoka kwenye mto unaoitwa Alligator, ambako mamba wa huku wanaishi kweli. Kaka yako akavaa nguo ya mpira, akashika kisu, akauliza kwa sauti ya kawaida sana kama mamba huwa wanasafiri. Nikamwambia kwa baridi hii wamelala. Nikamfunga kamba kiunoni, akazama, akapanda, akazama, mpaka ikakatika. Kisha akakaa sitahani anatetemeka, akaziunga ncha mbili za kamba ya mtego na kuurudisha majini, kwa kuwa kaa ni riziki ya mtu. Siku hiyo maneno ya baadaye yalikuwa ya sifa tu, na nilimkandia chapati nyingine.

Madaraja nayo yana mambo yake. Ya kudumu yamejengwa yaache futi 65 juu ya maji, na mlingoti wetu haufiki hata 50. Hesabu hiyo naijua vizuri. Lakini ukikaa chini ya mlingoti ukatazama juu, chombo kinakaribia, jicho linakuapia kwamba unagonga. Kila daraja. Mimi hufumba macho. Kaka yako huinama kichwa, sijui kwa faida ya nani.

Ya kufunguka yanaitwa kwa redio, na msemaji wa redio ni mimi. Yeye tulimjaribu. Mwangalizi wa daraja anataka kusikia jina la chombo na unakokwenda. Kaka yako alitaka kwanza kujua mwenzake ameamkaje na kazi zinaendaje, na alipokuwa anamalizia salamu, daraja la saa hiyo lilikuwa limeshafunga. Tukazunguka pale pale tukisubiri zamu nyingine.

Karibu na Myrtle Beach njia imechongwa kwenye mwamba, na kingo za mawe zimejificha chini ya maji pande zote mbili. Sehemu ile ya Carolina ndiyo iliyokamilishwa mwisho, mwaka 1936. Unatangaza redioni kabla ya kuingia, kwa kuwa ukikutana na tishari mle ndani, atakayesogea mwambani ni wewe. Nilitangaza, nikajibiwa na tishari. Tulirudi nyuma tukajishikilia mdomoni mwa mfereji, likapita taratibu, limejaza njia yote, na mtu wake wa omo akatupungia mkono kwa adabu.

Kisha Charleston. Tulikatiza bandari Fort Sumter ikiwa kushoto kwetu, nikamsimulia kaka yako habari za Robert Smalls. Alikuwa mtumwa, rubani wa meli ya mvuke Planter iliyolitumikia jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wamelala nchi kavu, yeye na wenzake waliing'oa gatini, wakapitia mahali walipojificha mkewe Hannah, watoto na jamaa wengine. Akavaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama anavyosimama nahodha, na kila ngome akaipigia filimbi ya mvuke kwa ishara yake inavyostahili. Mizinga ya Fort Sumter ilipobaki nyuma, wakateremsha bendera na kupandisha shuka jeupe, wakajisalimisha kwa meli za Kaskazini. Watu 16 wakawa huru kwa asubuhi moja. Baadaye Smalls aliingia Bunge la Marekani, na kule Beaufort, kusini kidogo, alinunua nyumba ile ile aliyozaliwa nyuma yake mtumwa.

Mimi niliyemfikiria zaidi ni Hannah, chini kule na watoto, anasikiliza filimbi ikipigwa mbele ya mizinga. Neno moja kabla ya wakati wake lingewamaliza wote. Kaka yako akanitazama, akasema, "Umeona? Sharti lako lina wakubwa zake."

Alisema hivyo tunaingia Wappoo Creek, na hapakuwa na nafasi ya kumjibu. Ni hori jembamba lenye mkondo wa nguvu na daraja lisilofunguliwa saa za magari mengi. Sisi tulifika mapema mno, maji yanatusukuma kuelekea darajani, na nyuma yetu jahazi la tajiri la ghorofa linasubiri nalo. Kugeuka hapo ni kuupa mkondo ubavu, ukubebe. Kaka yako aligeuza kwa ustadi, nitampa haki yake, omo ikatazama tulikotoka, akaipa injini nguvu kiasi cha kulingana na mkondo. Tukawa tunakwenda bila kwenda, tumesimama mahali pamoja, mpaka king'ora cha daraja kilipolia.

Sasa Georgia, mahali pa kujivunia na mahali pa kuaibika. Kuna maji yanayojaa na kupwa futi 7 mpaka 9, na kaka yako, aliyezoea bamvua la kwetu, alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa. "Haya ndiyo maji," akasema. Akaanza kunifundisha ninayoyajua. Nyanda za majani mabichi mpaka mwisho wa macho, hori zinapinda na kupinduka, na hakuna nyumba.

Pana mahali panaitwa Little Mud River, na kweli ni mto mdogo wa matope. Tulikawia asubuhi kwa ukungu, tukaingia maji yameshaanza kupwa. Kipima kina kikasema 10, kikasema 7, kikasema 5, kisha hakikuwa na haja ya kusema. Chombo kilisimama kwa upole sana, wala kikombe hakikumwagika. Injini nyuma: tope tu linapanda. Tukateremsha kihori, yeye akapiga makasia akapeleka nanga ya pili upande wenye kina, mimi nikavuta kwa winchi mpaka kamba ikalia. Tukaitoa nje boriti ya tanga, akaning'inia mwishoni mwake ili chombo kilale na mkuku unyanyuke. Futi 8 za maji zinapoondoka kwa muda wa saa 6, kwa wastani kila saa inaondoka na zaidi ya futi moja. Huwezi kushindana nayo. Tukapwelewa, wifi, mchana kweupe, wenzetu wanapita mbali wakitutazama kwa huruma ya watu wanaojua kesho ni zamu yao.

Kupwelewa kuna adabu yake. Tulihakikisha chombo kinalalia upande wa ukingo, siyo wa mfereji, ili maji yakirudi yasiingie sitahani kabla hakijainuka. Tukafunga madirisha ya upande wa chini na kuziba matundu ya hewa ya tangi la mafuta. Tukahakikisha hakuna chaza chini yetu, maana mabamba yao hukata. Na kaka yako akapiga hesabu ya mwezi. Ukipwelewa kwenye kilele cha bamvua, maji yatakayofuata yanaweza yasikufikie, ukangoja mpaka bamvua jingine. Sisi tulipwelewa maji yakiwa yameshashuka kiasi, na siku za mwezi zilikuwa zinapanda kuelekea bamvua. "Usiku tutaelea," akasema. Nikamwamini, kwa sababu hayo aliyasoma Tanga.

Basi tukaishi kwa kuinama. Sufuria haikai jikoni, tulikula tende na mkate, tumekaa kwenye kona ya sakafu na ukuta. Usubi wakaja, wadogo wasioonekana, wanapita kwenye chandarua. Mimi nimejifunga khanga mpaka machoni. Hapo ndipo tulipowaona pomboo. Walikuja kundi, wakawazunguka samaki, wakawasukuma kwa wimbi moja mpaka juu ya tope la ukingoni, kisha na wao wakarukia huko huko, tumbo juu ya nchi kavu, wamelalia ubavu wa kulia wote, wanakula. Wakajisukuma wakarudi majini. Wakarudia. Ni mtindo wa pomboo wa Georgia na South Carolina, na karibu kila mara hulalia kulia. Kaka yako akawatazama muda mrefu. "Hawa wanapwelewa kwa makusudi," akasema. Nikamwambia atakapoulizwa na watu wa Sahare aseme na yeye ilikuwa kwa makusudi.

Usiku sana chombo kilitikisika, kikanyanyuka upande mmoja, kikajiweka sawa. Nanga ya pili ikashika, tukajivuta kwayo hadi penye kina, tukatia nanga zote mbili. Chombo kimetulia. Sasa ni saa ya maneno, na nilikuwa nayo: nani aliyesema ukungu uondoke kabisa kwanza, nani aliyekunywa chai ya pili. Nikageuka nianze. Mwenzangu alikuwa ameshalala, viatu miguuni. Asubuhi nilipoyatafuta yale maneno, nusu sikuyaona na nusu yalikuwa hayafai tena. Ndilo jibu la uchokozi wako. Hatukuacha kugombana kwa sababu ya upole. Ni kwamba mambo ya chombo yanachukua muda, na lawama nyingi hazilali zikaamka.

Usidhani yamekwisha. Kwenye mpaka wa Florida nanga iliteleza, upepo unavuma huku na maji yanakwenda kule, tukaamka tumekaribia kumbusu jirani. Hapa mbele kuna sehemu za kwenda polepole kwa ajili ya jamaa wa nguva wanaoelea chini ya uso wa maji, na pampu ya choo imeanza kulalamika, hilo nakuachia ulifikirie mwenyewe. Tumefunga kwenye boya mbele ya ngome ya Wahispania, iliyojengwa kwa mawe ya makombe yaliyogandamana. Mji wenyewe ni wa mwaka 1565. Tutakaa mpaka vipuri vifike.

Viza yako ikitoka, njoo mwezi wa pili, ndege ikushushe Jacksonville. Usilete sanduku gumu, humu halina pa kukaa. Lete mfuko wa kitambaa, viatu vya soli nyeupe, na dawa ya kuchafukwa na moyo, na umwambie kaka yako ni yako. Achari ya embe ya mama lete chupa mbili. Moja utampa mbele za watu. Ya pili nitakuonyesha pa kuificha, kwenye ngama, chini ya minyororo ya akiba, ambako kwa uvivu wake wa kufua maji hatafika mpaka Miami.

Wifi yako,
wa chomboni